Kikundi cha Ukoo wa Isevya, Tabora: Dodoma tuliyoiona

JUMAPILI

Zuhura, saa 1:05 usiku
Assalaam alaykum ndugu zangu, na wale wa upande wa pili nawasalimu kwa jina la Bwana. Namshukuru Mungu kwamba wote tuliokwenda Dodoma kwenye mahafali ya Salum tumerudi salama. Kama tulivyokubaliana pale stendi ya Nanenane, kila aliyesafiri aandike hapa alivyouona mji, kwa sentensi zilizokamilika na si kwa vikaragosi, ili kaka Idrisa na wengine ambao hawakusafiri waelewe, kisha tuamue kama kikao cha ukoo cha mwakani tukifanyie Dodoma badala ya Dar es Salaam. Naomba majibu kabla ya Ijumaa, kwa kuwa vyumba vya kulala ni lazima vishikwe mapema. Bunge la bajeti likianza mwezi wa Aprili, nyumba za wageni hujaa na bei hazishikiki mpaka Juni iishe.

Zuhura, saa 1:31 usiku
Naanza mimi. Mji ule unamtaka mgeni awe na miguu mizima na mwavuli. Mnakumbuka Jumatatu nilimsindikiza dada Tatu kufuatilia lile faili lake. Kutoka katikati ya mji hadi Mji wa Serikali Mtumba ni kama kilomita 17, unafuata barabara ya Dar es Salaam, unaipita Nanenane, unaipita Ihumwa, na bado hujafika. Huko wizara zimesimama kila moja kwenye eneo lake, majengo ya kupendeza kweli, barabara za lami pana zisizo na shimo hata moja, lakini miti iliyopandwa kando yake mingi ilikuwa inanifika kiunoni. Tulipoingia ofisi moja tuliambiwa kwamba tunayemtafuta yuko jengo lingine, na mlinzi akatuonyesha kwa kidole. Kidole kile kilikuwa nusu saa ya kutembea juani.

Hata hivyo roho yangu imeupenda mji huo, na sababu yake naieleza. Wazazi wetu waliuza mbuzi ili wafike Dar es Salaam kufuatilia karatasi moja, na wengine walirudi bila karatasi na bila mbuzi. Leo mtu wa Tabora anayetafuta haki yake wizarani anapita Itigi na Manyoni kwenye lami, anashuka Dodoma, na jioni anaweza kuwa njiani kurudi. Kwa sisi watu wa magharibi hilo si jambo dogo, na ndiyo maana nataka ukoo wetu uzoee kukutana pale.

JUMATATU

Zuhura, saa 3:00 asubuhi
Naona alama kwamba ujumbe umesomwa na watu wengi. Nasubiri maandishi.

Zuhura, saa 12:40 jioni
Bado nasubiri.

Mwanaidi, saa 4:52 usiku
Shikamoo Mama Mdogo, shikamooni wote. Nimetoka zamu sasa hivi. Mimi nilipanda treni ya umeme Dar es Salaam asubuhi, na chini ya saa nne baadaye nilikuwa nimeshuka Dodoma, nguo zangu hazijakunjamana. Kabla ya mwaka 2024 safari hiyo kwa basi ilikula siku nzima. Nilichokiona ni kwamba Dodoma haina ule msongamano wa Kariakoo, kwamba upepo wa jioni ni mkavu na mwepesi, na kwamba ukisimama pale Nyerere Square saa moja usiku utaona watu wa kila mkoa wamekaa na watoto wao bila haraka. Dar es Salaam ilikuzwa na bandari, watu wakaifuata wenyewe. Dodoma imeamuliwa, na mtu anausikia uamuzi huo hadi kwenye upana wa barabara. Mimi naunga mkono kikao kifanyike huko.

Zuhura, saa 4:58 usiku
Marahaba mwanangu. Huyo ni mmoja. Wengine?

JUMANNE

Hamisi, saa 2:15 asubuhi
Shikamoo Shangazi. Huku Ujiji mtandao ulikatika. Naomba mkumbuke kwamba kwa sisi tunaotoka mwisho wa reli, Dodoma ni karibu tu ukiilinganisha na Dar es Salaam. Reli mpya kutoka Tabora kuja kwetu bado inajengwa, kwa hiyo tunapanda ile ya Mjerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914, tunalala njiani, tunaamka tukiwa bado njiani. Nikifika salama nitaleta dagaa na migebuka ya kutosha ukoo mzima, ila nina wasiwasi kwamba nikimpa Mwanaidi mzigo aende nao Dar es Salaam kwa treni ya umeme, behewa zima litashuka Morogoro.

Tatu, saa 2:22 asubuhi
Hamisi, usije ukaacha migebuka. Ile ya mwaka wa harusi ya Mwanaidi bado inazungumzwa hapa Isevya.

Mwanaidi, saa 2:30 asubuhi
Mama, ile iliishia kwa majirani kabla maharusi hawajafika.

Hamisi, saa 2:33 asubuhi
Safari hii nitaifungia kwenye ndoo yenye kufuli.

Zuhura, saa 2:41 asubuhi
Nimeuliza habari za mji na tarehe, nimejibiwa habari za migebuka. Hamisi, tarehe gani utaweza? Dada Tatu, wewe ulikuwa nami Mtumba, andika ulivyouona mji.

Tatu, saa 5:10 asubuhi
Nitaandika, tena bila kuficha. Majengo nimeyaona na nimeyasifu. Msikiti wa Gaddafi nimeswali ndani yake na moyo wangu umetulia. Lakini Desemba ile ilikuwa na vumbi, mvua ilikuwa inatishia tu, na maji ya kunywa tulikuwa tunanunua kila tulipogeuka. Mtu aliyezoea maembe ya Tabora, ambapo hata njia ya kwenda kisimani ina kivuli, akifika kule anajiuliza atajificha wapi saa saba mchana. Salum alitupeleka upande wa Mpunguzi kuona mashamba ya zabibu, mizabibu ikiwa mibichi tu, kwa kuwa huvunwa Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote: ardhi kavu namna ile inazaa zabibu mara mbili kwa mwaka.

Salum, saa 7:05 mchana
Shikamoo Shangazi Tatu, shikamoo Shangazi Zuhura. Naomba nieleze kidogo kuhusu ule utupu mliouona kati ya mtaa na mtaa, maana nimesoma pale na nimeishi Makulu. TANU, chama tawala cha wakati ule, iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na ilitarajiwa kazi hiyo ichukue miaka kumi. Ramani kuu ya mwaka 1976 ilichorwa na kampuni ya Canada, na ilitaka mji wa majengo mafupi, wenye vitongoji vinavyojitegemea, ili mkazi atembee kwa miguu hadi sokoni na shuleni, na kati ya kitongoji na kitongoji pabaki mashamba na miti. Ikaja vita ya Kagera, uchumi ukaanguka, fedha hazikupatikana. Bunge likahamia mwaka 1996, Serikali ikaanza kuhama kwa nguvu mwaka 2016, Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa mwaka 2023. Kwa hiyo sehemu moja ya mji ina fikra za mwaka 1976 za kutembea kwa miguu, na Mtumba umejengwa kwa mtu mwenye gari. Shangazi Zuhura alichoka kwa sababu alitembea kwa miguu mahali palipopangwa kwa magari.

Zuhura, saa 7:20 mchana
Ahsante sana Salum. Hiyo ndiyo faida ya kusomesha.

Tatu, saa 7:34 mchana
Kusomesha ni kuzuri. Mimi nashauri tukifanyia kikao Dodoma, siku ya pili tupite Nkuhungu wote kwa pamoja, watoto waone mahali ambapo nyumba ya ukoo ingekuwa imesimama leo. Salum aliniendesha pale. Pana nyumba ya watu yenye geti la chuma na mwarobaini mkubwa, na mwarobaini ule namjua aliyeupanda.

Shabani, saa 7:50 mchana
Dada Tatu, nilikuwa kimya kwa heshima. Jambo la Nkuhungu lilizungumzwa siku ya arobaini na likafungwa.

Tatu, saa 7:53 mchana
Lilifungwa na nani? Stakabadhi ziko wapi?

Shabani, saa 8:01 mchana
Marehemu Mzee alipokuwa kitandani miezi ile, naomba anayeuliza stakabadhi aseme yeye alileta nini.

Zuhura, saa 8:04 mchana
Tafadhali. Watoto wanasoma humu ndani. Tulikuwa kwenye tarehe.

Tatu, saa 8:06 mchana
Watoto wasome. Ni urithi wao.

JUMATANO

Mzee Idrisa, saa 11:45 jioni
Nimesomewa yote na mjukuu, naye ndiye anayeniandikia maneno haya kama ninavyoyatamka.

Dodoma mimi nimeipita nikiwa kazini reli, wakati kituo chake ni cha kuchukulia maji na abiria wachache. Mwaka 1973 habari zilipotangazwa, hapa Tabora wapo walionung'unika. Walisema uamuzi wa busara wa TANU, wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ulifanyika hapa mwaka 1958, reli inagawanyika hapa kwenda Mwanza na Kigoma, basi kwa nini makao makuu yasiwe hapa. Mimi sikununa, kwa sababu jambo la nchi hupangwa kwa ajili ya nchi, na Dodoma iko katikati ya wote.

Lakini katika maandishi yenu limenichoma jambo moja. Mnaandika kwamba pale palikuwa patupu. Hapakuwa patupu. Wagogo walikuwa pale na ng'ombe wao na mibuyu yao na makaburi ya wazee wao. Barabara pana mnayoisifu imepita juu ya shamba la mtu, na mtu huyo alisogea ili mimi na ninyi tuwe na makao makuu. Mkienda kufanya kikao pale, mfike kama wageni wa watu.

Kuhusu Nkuhungu: Shabani aliuza kwa ruhusa yangu. Niliyempa ruhusa ni mimi, na sababu yake tunaijua mimi na marehemu. Tatu, usimguse tena mdogo wako kwa jambo hilo. Nitalieleza kwa mdomo, mbele ya wote, si kwenye simu.

ALHAMISI

Tatu, saa 3:18 usiku
Nimesoma, Kaka. Nasubiri siku hiyo.

IJUMAA

Zuhura, saa 1:00 asubuhi
Tunakushukuru, Kaka. Ndugu zangu, leo ndiyo Ijumaa niliyoitaja. Napendekeza wiki inayofuata sherehe za Nanenane, mwezi wa Agosti. Bunge la bajeti litakuwa limekwisha, baridi ya Julai itakuwa imepungua kwa ajili ya kifua cha kaka, na zabibu zitakuwa zimeiva. Kila kaya itachangia shilingi 50,000 kwanza, nyingine baadaye. Salum atafute nyumba ya wageni upande wa Makole au Area C, karibu na mji, nasi tusihangaike tena na umbali. Na namwomba atutafutie mzee mmoja wa Kigogo, mwenyeji wa pale, atukaribishe kabla hatujafungua kikao, kama kaka alivyosema.

Salum, saa 1:40 asubuhi
Nimepokea, Shangazi. Baba wa rafiki yangu wa Mvumi atafaa, nitamwomba.

Mwanaidi, saa 6:15 mchana
Mama Mdogo, ratiba ya likizo yetu hutoka mwezi wa Machi. Niweke kwenye orodha, lakini nisihesabiwe bado.

Hamisi, saa 8:20 mchana
Agosti kwangu ni mwezi wa biashara. Septemba ingenifaa zaidi, na zabibu bado zitakuwepo. Mchango nitautuma hata hivyo.

Shabani, saa 10:05 alasiri
Mchango wangu nimeutuma kwa dada Zuhura. Nitakuja tarehe yoyote itakayowekwa.

Zuhura, saa 2:30 usiku
Mchango wa Shabani nimeupokea. Agosti imeungwa mkono na wawili, Septemba na mmoja, na wengi hamjaandika hata neno. Siwezi kulipia vyumba kwa ukimya. Kaka Idrisa naye hajasema kama atasafiri kwa treni au atapelekwa kwa gari kupitia Itigi, na yeye asipokuwepo kikao hakina maana tena. Salum, mpigie sasa hivi umuulize.

Salum, saa 2:52 usiku
Nimempigia, Shangazi. Amepokea Bibi, anasema Baba Mkubwa yuko msikitini, na kwamba neno la safari atalijibu akishaonana na Shangazi Tatu.