Shairi la kujianika: wengine wanacheka, wengine "pole" tu. Naendeshaje mjadala?

Mlezi_Makulu
Wakuu, habari za jioni. Klabu yetu ya ushairi hapa Dodoma, watu 15 hivi, Jumamosi itajadili shairi la beti 6 la mwanachama asiyetaka kutajwa. Nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, anajianika: anasimulia ugonjwa wa akili uliomfikisha hospitali ya Mirembe. Linaanza hivi:

Nimevua joho langu, mbele ya macho ya watu,
Naonyesha kovu langu, lisilofunikwa kitu.

Mashairi ya aina hii kwetu huwa na mwisho mmoja: wawili wanacheka, mmoja analia, waliobaki wanasema "pole" na mjadala unafia hapo. Nataka waseme limewagusa wapi na kwa nini.

Ghani_Dom
Mkuu, usianze na "mnajisikiaje?" Utajibiwa "inasikitisha", basi. Soma mwenyewe, taratibu, bila kughani, ukivuta pumzi kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo. Ukimaliza, nyamaza dakika nzima. Kisha gawa karatasi kabla mtu hajafungua mdomo: kila mmoja anakili mshororo mmoja uliomshika, na chini yake neno moja tu. Aibu, hasira, huruma, woga, hata wivu. Wapo wanaomwonea wivu mtu aliyethubutu kusema. Anayehisi kwa Kigogo au Kirangi aandike kwa lugha yake. Kusanya, changanya, zisome bila majina. Bila karatasi, msemaji wa kwanza ndiye anayewaamulia wote wahisi nini.

Na uweke sheria mapema: hakuna pole wala ushauri mpaka dakika 10 za mwisho. Pole ikishatamkwa, anayeendelea kuchambua anaonekana hana adabu.

BintiZuzu
Naongezea jaribio. Baada ya karatasi, usome ubeti wa kwanza kwa nafsi ya tatu:

Amevua joho lake, mbele ya macho ya watu,
Aonyesha kovu lake, lisilofunikwa kitu.

Mizani, yaani silabi za kila mshororo, bado 16. Vina vya kati vimehama pamoja kutoka -ngu kwenda -ke, vya mwisho viko palepale. Kilichobadilika ni nafsi tu, kwa hiyo uliza: neno uliloandika bado ni lilelile? Tarajia aibu kupungua na huruma kupanda. "Amevua" linamweka mtu mbali. "Nimevua" linakugeuza wewe msikilizaji kuwa mmoja wa hao watu wenye macho. Wengi hapo ndipo wanapong'amua walikuwa wanaona aibu ya kutazama.

Ila kagua beti kwanza. Penye kina cha "langu" kilichooanishwa na "tangu" au "chungu", ukibadilisha kina kinavunjika, na watu watasikia kasoro hiyo tu. Chagua ubeti unaokubali.

Kicheko usikikemee. Jina Mirembe limegeuzwa tusi la vijiweni, hivyo sikio linalipokea kama utani kabla maana haijafika. Muulize aliyecheka ni neno lipi, kisha usome mshororo unaofuata.

Mzee_wa_Vina
Nakubali, isipokuwa hilo la kutoghani kabisa. Soma kavu mara ya kwanza, halafu mpe mwenye sauti alighani, waandike neno la pili, mlinganishe. Kibwagizo kikirudi kwa mahadhi watu huanza kukiitikia. Kama kibwagizo hicho kimebeba "ni-" ya nafsi ya kwanza, kila mmoja ukumbini anajikuta anakiri kwa kinywa chake mwenyewe, na kicheko hukata hapohapo. Kusoma kavu peke yake kunampa msikilizaji uchungu bila pa kuushika.

Mlezi_Makulu
Asanteni sana. Hofu yangu ni kwamba mwandishi mwenyewe atakuwepo ukumbini.

BintiZuzu
Basi zungumza naye kabla ya Jumamosi. Je, jina Mirembe lisomwe au liachwe? Karatasi azione au asizione? Akitaka kuziona, zipitie wewe kwanza, maana kwenye karatasi zisizo na majina huwa hakukosi neno la kuumiza. Ukumbini kila mtu aseme "nafsineni". Wakianza kukisia ni nani, uliza "mshororo upi unasema hivyo?" na wengi watarudi kwenye shairi.

Mweke pia mtu mmoja karibu na mlango. Atakayelia atoke naye, apewe maji, asirudishwe kwa lazima, nawe uendelee na kikao. Akizidiwa, siku hiyohiyo aunganishwe na afisa ustawi wa jamii.