Igizo la Ijumaa Kuu: waumini walicheka wakati Yesu anadhihakiwa. Tuondoe sehemu hiyo?

FundiCherehani:
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni fundi nguo, kwaya ilinipa kazi ya kushona vazi la zambarau. Kitambaa hakuna, nikakata pazia la sebuleni. Taji tulisokota mchongoma, ncha tukazipunguza kwa mkasi. Mwanzi wa kumpigia kichwani tukaweka bua la mtama.

Yesu alikuwa kijana mmoja mwenye kigugumizi. Mwalimu wa kwaya alimchagua kwa kuwa tulifuata Marko 15, ambamo Yesu anamjibu Pilato "Wewe wasema", basi, kisha kimya mpaka "Eloi, Eloi" msalabani.

Askari wetu wakapiga magoti, "Salamu, Mfalme wa Wayahudi!", mmoja akajikwaa makusudi. Kanisa zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka machozi. Halafu nikamwona kijana kainamisha uso, nikakumbuka kwamba askari wale ndio haohao wanaoigiza anavyoongea pale kijiweni kwa bodaboda. Mzee mmoja wa kanisa anataka sehemu hiyo iondolewe mwakani. Mnasemaje?

MamaNeema:
Msiondoe. Luka hana taji la miiba, lakini kuna wanaomfunika macho na kumwuliza, "Tabiri, ni nani aliyekupiga?" Kaka, si mchezo wa watoto huo? Tena Herode naye anamvika mavazi mazuri ndipo anamrudisha kwa Pilato. Kama isingechekesha wasingehangaika kuifanya.

Mjukuu wa Katekista:
Fundi, pazia la sebuleni? Shemeji alisemaje?

MsomaVitabu:
Kuna kisa nje ya Biblia. Mwaka 38, Aleksandria ya Misri, watu walimkamata Karabasi, maskini mwenye ugonjwa wa akili aliyelala njiani akichezewa na watoto. Wakamvika taji la mafunjo, mkeka ukawa joho, kipande cha funjo kikawa fimbo ya enzi, wakamwita "Marin", yaani bwana wetu. Shabaha yao ilikuwa kumkejeli Agripa, mfalme Myahudi aliyekuwa amefika mjini. Aliyeandika ni Philo, Myahudi wa mji huohuo. Kwa hiyo mchezo wa mfalme wa bandia haukuwa wa askari wa Pilato peke yao, na ona waliyemchagua: yule aliyekuwa akichekwa tangu zamani.

FundiCherehani:
Shemeji yako alininunia siku tatu, mpaka leo dirisha lina kanga.

MsomaVitabu, hilo la mwisho limenichoma, maana sisi tulimchagua kwa sababu ya ulimi wake na tukaona tumemsaidia. Jana usiku nilisoma Zaburi 22: "Wote wanionao hunicheka sana, hunifyonya, wakitikisa vichwa vyao." Hunifyonya! Kumbe ni kusonya kwetu huku, ninakosonya mimi kila mteja akiomba kulipa mwisho wa mwezi. Nimeisikia zaburi hiyo miaka yote na neno hilo lilikuwa linanipita.

Leo asubuhi kijana kaja dukani na suruali ya kupunguza. Nikamwomba radhi. Akacheka kidogo, akahangaika na neno la kwanza muda mrefu, nami nikajizuia nisimmalizie. Akasema, "Fundi, mwakani nataka kuwa askari."

Suruali yake nimeipima mara tatu, na bado nimekosea mguu mmoja.