Ameshika kitabu changu kwa VIDOLE VIWILI!!!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Yule mhadhiri (msiniulize yupi, mnamjua wote) leo mbele ya darasa zima kaokota kitabu changu cha katuni kwa vidole viwili. VIWILI! Kama anaokota bandeji yenye usaha. Akauliza, "Umekuja kusomea udaktari au kuchora vikaragosi?" Darasa likacheka mpaka nadhani maiti wa anatomia waliamka.

Kitabu chenyewe ni cha David B., Mfaransa ambaye kaka yake ana kifafa. Kwetu kifafa ni mawimbi ya EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) na dozi. Kwake ni joka, linamzonga kaka mtu na nyumba nzima inaishi nalo. Juzi wodini nilimuuliza mama mmoja kifafa kilimshika mwanawe dakika ngapi, akanijibu, "Sisi hatulali." Nikaandika "hajui". Nilipoliona lile joka, nikaona aibu.

Halafu mtu anakishika kwa vidole viwili! Glavu tu ndiyo iliyokosekana.

Dkt. Ian Williams wa Uingereza aliipa fani hii ya katuni za tiba jina, "Graphic Medicine", tangu 2007. BMJ, jarida la udaktari la Uingereza, walichapisha makala ya kufundishia udaktari kwa katuni mwaka 2010. Chuo cha Penn State kule Marekani, wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa 4 wamekuwa wakisoma katuni za wagonjwa na kuchora zao. BMJ nayo ataiokota kwa vidole viwili?

Mshipa_Mkuu: Pole mkuu. Ila kukisoma katikati ya kipindi chake ulikuwa unatafuta nini?

Mleta uzi: Kilikuwa kimefungwa! Kipo mezani tu! Vidole viwili, jamani!

Stetho: Hahaha, "maiti waliamka". Huyu achore tu, atatoka kimaisha.

Bi_Sindano: Msimcheke. Mimi kuchora ndiko kulikoninusuru, neva za mkono zote nilizishika hivyo. Huyo mzee ana kiburi tangu enzi zetu.

Usiku_Kucha: Afadhali wako kashika kitabu. Wangu anasoma slaidi 140 neno kwa neno, ukisinzia anakutoa nje.

Stetho: Slaidi unazo? Sisi hatupewi, na logibuku (daftari la kazi zetu za wodini) mhadhiri wetu hasaini.

Usiku_Kucha: Hasaini?? Na mtihani wa wodi je?

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye vidole.

Bi_Sindano: Subiri kidogo. Stetho, logibuku yako ina kurasa ngapi ambazo hazijasainiwa?