Damu yangu inatoka zambarau kwenye kamera. Herschell Gordon Lewis alifanyaje 1963?

KijanaWaNkuhungu:
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Niko hapa Dodoma, riziki yangu ni kupiga picha za harusi na kipaimara. Tuko wanne, tumechanga laki sita na nusu tutoe filamu ya kutisha ya dakika arobaini. Bodaboda anabeba abiria usiku kuelekea Hombolo, abiria anapanda lakini shokapu hazishuki hata kidogo. Hadi hapo tuko vizuri.

Shida ni damu. Nilinunua rozela Majengo, nikachemsha na sukari hadi ikawa nzito. Kwa macho, nyekundu kabisa. Kwenye kamera, juisi ya zabibu. Halafu nyuki wakaja, marehemu wetu akaamka akakimbia kabla hatujakata.

Nasikia kuna Mmarekani anaitwa Lewis alitoa filamu za damu kwa hela ya kuungaunga. Alikuwa na maarifa au bahati tu?

MzeeWaKibanda:
Marahaba mwanangu. Mimi nilikuwa na kibanda cha video Chang'ombe, enzi za deki na jenereta, watu wanakaa kwenye mabenchi na wengine wanachungulia kwenye tundu la bati bila kulipa. Kwa hiyo filamu za hela ndogo usinifundishe.

Huyo Lewis hakuanza na sinema. Aliwahi kufundisha Kiingereza chuo kikuu kule Mississippi, baadaye akawa mtu wa matangazo ya biashara Chicago. Akaungana na David Friedman wakawa wanatengeneza filamu za wanawake walio uchi. Zikalipa, hadi kila mtu akaingia na soko likajaa. Hapo wakakaa chini wakajiuliza: kitu gani makampuni makubwa ya Hollywood hayawezi kukionyesha hata yakitaka? Jibu likawa damu. Ndipo ikaja Blood Feast, 1963, imepigwa Miami kwa takriban dola 24,500.

Sasa sikiliza, tatizo lako lilikuwa lake. Damu ya maigizo iliyokuwepo ilitengenezwa kwa ajili ya filamu za nyeusi na nyeupe. Ukiipiga kwa rangi inageuka zambarau. Akaenda kwenye maabara ya vipodozi kule Florida wakamchanganyia yake, na ndani yake ilikuwemo Kaopectate, dawa ya kuzuia kuhara. Ndiyo maana ilikuwa nzito na haipitishi mwanga. Rozela yako ni maji ya rangi, taa inapita katikati. Hapo ndipo ulipokosea.

Ndani ya filamu kuna tukio muuaji anamng'oa msichana ulimi. Ni ulimi wa kondoo, basi. Hela iliishia hapo. Kamera kashika mwenyewe, muziki katunga mwenyewe. Waigizaji wanasema maneno yao kama watoto wanaokariri ngonjera mbele ya mkuu wa wilaya. Hadithi inatajwa ya Kimisri, mungu wao ni Ishtar, ambaye ni wa Babeli! Umisri ulitokea wapi? Moteli waliyopigia ilikuwa na sanamu ya sfinksi mlangoni, yule simba wa Kimisri mwenye kichwa cha mtu. Kilichopo mbele yako, tumia.

Ikaanza kuonyeshwa Peoria, Illinois, kwenye zile sinema za kuangalia ukiwa ndani ya gari, na watazamaji wakagawiwa mifuko ya kutapikia. Mfuko wa karatasi! Mimi kibandani kwangu ningegawa mifuko ningejaza hadi barabarani. Gharama ilirudi mara nyingi. Yeye mwenyewe hakujidanganya, alikuwa anailinganisha na shairi la Walt Whitman: halifai, ila ni la kwanza la aina yake.

Mwaka uliofuata akatoa Two Thousand Maniacs!, na akaendelea hadi 1972. Kisha akaacha kabisa, akarudi kwenye matangazo ya kutuma kwa posta, akaandika vitabu vya kazi hiyo na huko nako akawa na jina. Miaka thelathini baadaye, 2002, akaitwa tena aongoze filamu. Amefariki 2016 akiwa na miaka 90. Bahati? Yule alikuwa mfanyabiashara aliyeshika kamera.

DadaWaMekapu:
Kaka, shira ya sukari nzito, rangi nyekundu ya chakula, kakao ya kubana kwa vidole viwili ili izibe mwanga. Kama haiingii mdomoni, ongeza tone la sabuni ya vyombo, itatoka kwenye nguo na nyuki hawaipendi sana. Na kamera usiiachie ijipangie rangi yenyewe. Shika karatasi nyeupe mbele ya taa utakayopigia, uipange kwa hiyo. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kanga.

Msema_Kweli_Ipagala:
Mnaongea damu, kibali je? Bodi ya Filamu kwanza, halafu mwenyekiti wa mtaa ajue kwa jina lako. Sisi tulipiga saa nne usiku pembeni ya korongo bila kumuaga mtu. Mama anatoka msibani akakutana na binti mwenye gauni jeupe, damu hadi kiunoni, anakula chipsi. Yowe lake hadi leo nalisikia. Tulilala kituoni tukieleza kuwa ni sukari. Alfajiri askari mmoja akachovya kidole, akalamba, akatuachia.

Na Mzee, huyo Lewis hela angeweka kwenye sauti. Sinema ya kutisha ni masikio.

MzeeWaKibanda:
Kibandani kwangu jenereta lilikuwa linanguruma nje, sauti hakuna aliyeisikia. Watu walikuja kesho yake kwa kilichowatia kichefuchefu jana. Ila kibali kweli, hapo sibishi.

KijanaWaNkuhungu:
Nimewaelewa, asanteni sana. Jumamosi nashuka mnada wa Msalato kutafuta ulimi wa mbuzi. Abiria atautoa mfukoni badala ya nauli. Mzee, kwa joto hili utakaa muda gani bila kunuka?

MzeeWaKibanda:
Upake chumvi, uuweke kwenye ndoo ya barafu, usiutoe hadi taa zote ziwake. Na nunua ndimi mbili. Wa kwanza huwa unaharibikia kwenye mazoezi.