Pakti ya betri za akiba haijawahi kufunguliwa, zote nne zimekufa! Hivi mnatuuzia nini?

Wakuu, leo ni siku ya nne na hasira haijashuka, nimeona niandike hapa kabla sijamfanyia mtu kitu kibaya.

Jumamosi saa nne na robo usiku uniti zikakata. Sawa, nikanunua umeme kwa simu, haikupita dakika meseji ikaingia na namba zake 20. Mita yetu iko juu ya nguzo, ndani tuna ile rimoti ya LUKU ya kubonyezea. Nabonyeza, kioo kimya. Betri zimekwisha. Wala sikushtuka, maana mimi betri za akiba nyumbani kwangu hazikosekani tangu 2024, ule mwezi wa kuhuisha mita tulipokuwa tunaingiza namba 20 mara tatu na rimoti ikanizimikia kwenye seti ya pili, nikaapa sitalala tena bila betri kwenye droo. Na mwezi wa nne nilinunua pakti ya betri nne ndogo za AA, zimeandikwa alkalaini kwa maandishi ya dhahabu, elfu nne na mia tano, wakati hizi za kawaida jozi ni buku. Nililipa zaidi makusudi ili zikae.

Nikachana pakti mbele ya tochi ya simu. Rimoti yetu inakula tatu, nikaweka tatu, kimya. Nikatoa moja nikaweka ya nne, kimya. Nikafuta vile vichuma kwa kitambaa, nikazisugua viganjani zipate joto, mpaka kuzing'ata nikazing'ata kama tulivyokuwa tunazifanyia betri za redio kijijini. Kioo kikawaka sekunde mbili hivi, nikaingiza namba sita, kikazima.

Sasa giza lenyewe tungelivumilia, tungelala mpaka asubuhi. Kilichoniuma ni mama. Mama yangu ana miaka 71, yuko kwangu tangu Januari, ni mtu wa presha. Kwenye lile giza akaanza kusema kichwa kinamgonga upande mmoja na macho yana ukungu. Mashine ya kupimia ninayo, nayo inakula betri nne, na za ndani zilishachoka tangu wiki iliyopita, mke wangu akanikumbusha nikamjibu usiwe na wasiwasi za akiba zipo. Nikazitia hizo hizo. Mashine inalia tii, kile kitambaa cha mkononi kinaanza kujaa upepo, halafu inaonyesha alama ya betri na kuzima. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu hivyo hivyo. Mama amekaa kitandani kanyoosha mkono ananitazama, ananiambia "acha tu baba, nitalala."

Jamani unalala vipi hapo?

Nikamwamsha jirani mwenye bajaji, Mungu ambariki yule kaka hakuuliza hata swali, tukatoka. Duka la dawa la stendi lilikuwa bado wazi, wakampima, 178 kwa 104, wakatuambia msikae hapa mpelekeni hospitali. Tumerudi nyumbani saa tisa kasoro usiku. Saa hizi anaendelea vizuri, anakula, anamlaumu mjukuu wake kwa kelele, namshukuru Mungu. Lakini tumepoteza karibu saa nzima nahangaika na betri, saa nzima, kwa sababu kuna mtu aliamua kuniuzia maganda.

Jumatatu nikazibeba mpaka kwa fundi redio pale mtaani. Akaweka testa, ya kwanza volti 0.9, ya pili 1.1, ya tatu 0.9, ya nne 1.2 lakini akiiunganisha na kibalbu inaporomoka hapo hapo. Betri mpya ya saizi hii inatakiwa kusoma 1.5 na kidogo juu. Halafu akanionyesha kitu ambacho mimi na umri huu sikuwa nakijua: ukiangalia kwenye mwili wa betri, alkalaini ya kweli ya saizi hii huandikwa LR6, na ile ya kawaida ya kaboni huandikwa R6. Za kwangu? Pakti inasema alkalaini, betri zenyewe kwa maandishi madogo chini kabisa zinasema R6P. Nikabisha, nikasema labda ni makosa ya kuchapa, akaipasua moja. Katikati kijiti cheusi cha kaboni! Kile kile tulichokuwa tunakitoa kwenye mawe ya betri shule ya msingi tukiponda ule unga mweusi wa kupaka ubao, nani hakijui kile kijiti. Alkalaini haina kijiti hicho, ndani yake unakuta msumari mwembamba wa shaba ya njano. (Msizipasue nyumbani lakini, ule uchafu wa ndani unababua ngozi, na wa alkalaini ndio mbaya zaidi.)

Na bado. Nyuma ya pakti kulikuwa na kistika cheupe kina bei. Fundi akakibandua kwa ukucha, chini yake tarehe ya mwisho wa matumizi, 03-2022. Yaani mtu alikaa chini akabandika kistika juu ya tarehe, moja moja, akijua kabisa anachofanya.

Nikaenda dukani na pakti mkononi. Duka silitaji hapa. Jamaa hata hakuishika, anasema "bosi betri haina garantii, utakuwa umeziweka kwenye joto." Joto! Droo ya sebuleni hiyo hiyo ina betri nyingine za saa ya ukutani nilizonunua kwingine na zinafanya kazi hadi leo. Nakubali joto linamaliza betri, ndiyo maana siziweki jikoni wala juu ya friji, lakini joto haligeuzi LR6 kuwa R6 na joto halibandiki kistika. Nikamwonyesha tarehe, akageukia mteja mwingine.

Kwenye saa ya ukutani au rimoti ya tivii betri ya kaboni inatosha kabisa, zile zinakula kidogo kidogo, na mtu akiniuzia ya kaboni kwa bei ya kaboni sina neno. Ila mashine ya presha ina pampu ndani, inavuta moto mwingi kwa mara moja, betri iliyochoka haiiwezi. Na betri ya akiba, ndugu zangu, hutaijaribu leo wala kesho, unaiweka ukiamini, siku utakayogundua ni mbovu ndiyo siku unayoihitaji na maduka yamefungwa. Huyu muuzaji anajua hilo. Anajua utarudi baada ya miezi mitatu huna risiti na atakwambia joto.

Tangu Jumatatu nimefanya hivi: nimenunua alkalaini duka lingine, nikamwambia muuzaji atoe moja aiweke kwenye saa yake mbele yangu, nikasoma LR6 kwa macho yangu, nikabandua kila kistika. Alinuna, anune. Nne nimeziweka pamoja na mashine ya mama kwenye mfuko wake na hakuna ruhusa mtoto kuzigusa kwa ajili ya gari la kuchezea, tatu ni za rimoti ya LUKU. Na kila tarehe moja ya mwezi nazijaribu. Zikibadilishwa zinabadilishwa zote kwa pamoja, fundi kanikataza kuchanganya mpya na kuukuu, maana ile dhaifu inaishia kuvuja na kula vichuma vya mashine.

Betri tatu zilizobaki, ile iliyopasuliwa na pakti yake na kistika nimevifunga kwenye mfuko, Alhamisi naomba ruhusa kazini nazipeleka Tume ya Ushindani, bidhaa feki ni kazi yao. Nataka nisiende peke yangu. Kama uko Chanika, Gongo la Mboto au Pugu na una pakti ya betri nne ya maandishi ya dhahabu yenye kistika cheupe nyuma, nenda kwenye droo sasa hivi, bandua, soma tarehe, angalia kama ni LR6 au R6, kisha piga picha uweke hapa chini.