Mwenye paa alipwe, asiye na paa achangie?

Mpangaji Asiye na Paa: Wadau, naomba kueleweshwa. Serikali inampangia mwenye nyumba bei maalumu kwa kila yuniti inayotoka kwenye paneli zake za sola, na mkataba ni wa miaka mingi. Ujerumani walianza 2000, miaka 20. Uingereza 2010 wakaanza na peni 41 kwa yuniti kwa mitambo midogo ya paani, karibu mara tatu ya bei ambayo mteja wa kawaida alikuwa ananunulia. Na mtu analipwa hata kwa yuniti aliyopigia pasi mwenyewe! Pesa haitoki hazina, inapachikwa kwenye bili za wote. Mimi mpangaji sina hata kipande cha paa. Kwa nini nimchangie anayenidai kodi?

Fundi Mita: Mkuu, Ujerumani sheria ya kwanza ni ya 1990, ya 2000 iliipanua. Bei ya mwanzo lazima iwe nono kwa sababu paneli zilikuwa ghali na benki haikopeshi matumaini. Mkataba wa bei ndio dhamana. Anayeingia baadaye hupewa bei ndogo zaidi. Waliotangulia wamenunua paneli kwa bei ya kuumiza, viwanda vikapanuka, bei ikaporomoka, leo hata wewe unaweza kununua. Halafu wapangaji mna kelele sana kwa watu ambao balbu ikiungua mnampigia simu mwenye nyumba.

Mpangaji Asiye na Paa: Balbu? Nimebadilisha balbu, soketi na koki ya bafuni kwa pesa yangu, risiti ninazo. Tena "hata wewe unaweza kununua", nikafunge wapi, mgongoni?

Fundi Mita: Nilikuwa natania.

Mpangaji Asiye na Paa: Utani wa mwenye nyumba huo.

Bundi: Mnagombania balbu, wenzenu Uhispania waliuza umeme wa jua saa nane usiku. Kumbe nyuma ya paneli kuna jenereta ya dizeli inanguruma.

Kiroboto: Hiyo chai, tena ya rangi.

Bundi: Chai gani, iliandikwa magazetini 2010. Na nimesikia wengine walimulika paneli kwa taa.

Kiroboto: 😂😂 Taa! Endelea mzee.

Fundi Mita: Bundi, kwenye taa umechemka. Taa nzuri inageuza kama asilimia 40 tu ya umeme kuwa mwanga, paneli nayo inarudisha asilimia 20 ya mwanga unaoiangukia. Yuniti 100 ukizitia kwenye taa unapata 8, na hapo nimekuonea huruma, kama vile hakuna mwanga hata chembe uliopotea pembeni. Ili upate faida ungelazimika kulipwa zaidi ya mara 12 ya bei ya kununulia. Hakuna serikali iliyowahi kuwa na ukarimu huo.

Kiroboto: Na dizeli?

Fundi Mita: Dizeli... inabidi nikubali, hesabu inakaa. Kanuni ya Uhispania ya 2007 iliwapa wenye mitambo midogo ya sola zaidi ya senti 40 za yuro kwa yuniti. Lita moja ya dizeli inatoa yuniti 3 na kidogo. Piga mwenyewe, kisha linganisha na bei ya lita miaka ile.

Bundi: Asante. Nani ana chai sasa?

Fundi Mita: Sijasema walifanya, nimesema ingelipa. Mita kuonyesha yuniti za usiku si ushahidi wa jenereta. Saa ya mita ikikosewa, mchana wako unaandikwa usiku.

Bundi: Saa za nchi nzima zikosewe? Na Ireland je, walilipwa kuchoma kuni, ukichoma zaidi unalipwa zaidi, mpaka serikali ikaanguka.

Mama Pacha: Ireland Kaskazini, jamani, na ile ilikuwa joto, si umeme. Walisahau kuweka kikomo, malipo yakazidi bei ya kuni zenyewe. Serikali ilivunjika Januari 2017, wakakaa miaka mitatu bila nyingine. Fundi anatetea mikataba, lakini mbona hataji serikali inavyoigeuka? Uhispania ilipoona mzigo ikapunguza hata malipo ya waliokwisha kujenga kwa mikopo. Uingereza 2011 nao wakatangaza bei ingekatwa karibu nusu kwa watakaokamilisha kufunga baada ya tarehe 12 Desemba, wakati ukusanyaji wa maoni ulikuwa uishe tarehe 23. Mahakama ikasema hapana.

Fundi Mita: Dada, hapo tuko pamoja. Ahadi ikivunjwa mara moja, mradi unaofuata benki inadai riba ya juu, na riba hiyo inarudi kwenye bili.

Mpangaji Asiye na Paa: Yaani mkataba ukitimizwa nalipa mimi, ukivunjwa nalipa mimi.

Fundi Mita: Sikusema hivyo. Ujerumani tangu Julai 2022 wameiondoa tozo kwenye bili, inabebwa na bajeti ya serikali.

Mpangaji Asiye na Paa: Bajeti inajazwa na nani?

Mama Pacha: Angalau kodi ya mapato inamwangalia mtu kipato chake. Bili inakuhesabia yuniti tu, maskini na tajiri kiwango kimoja kwa yuniti. Mimi ningetaka jengo zima la wapangaji liwe na hisa kwenye mtambo mmoja, hata ukiwa shambani huko. Mmoja ajibu hili.

Kiroboto: Ngoja kwanza. Fundi, na mbalamwezi je? Mwezi mpevu paneli hazipati chochote?

Bundi: Swali zuri.

Fundi Mita: Mwanga wa jua unauzidi wa mwezi mpevu kama mara laki nne. Paneli ya wati 400 itakupa chini ya sehemu moja ya elfu ya wati moja, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, haitaamka kwa hicho.

Bundi: Lakini si sifuri.