Iowa City: tusajili shirika letu wenyewe au tukae chini ya shirika mlezi?

Mama_Bukavu
Habari zenu ndugu. Hapa Iowa City, Marekani, tuko familia kama thelathini, wengi kutoka Kongo, pamoja na wanafunzi wachache wa chuo kikuu. Tunachanga kila mwezi. Msiba ukitokea tunasaidiana, na familia mpya ikifika tunaitafutia vitanda, sufuria na makoti ya baridi. Pesa zote zinapitia Zelle (huduma ya kutumiana pesa kwa simu) ya mweka hazina. Sasa tunataka tuwe shirika lisilo la faida ili makanisa na maduka yaweze kutuchangia. Tuanzie wapi, na gharama ni kiasi gani?

Karani_Cedar
Dada, kabla ya fomu yoyote tenganisheni mifuko miwili mliyoichanganya. Mfuko wa msiba unaowafaa wale wale waliochanga ni chama cha kufaana. Ni jambo jema kabisa, lakini IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) haiwezi kuutambua chini ya kifungu 501(c)(3), kile kinachotoa hadhi ya shirika la hisani lisilotozwa kodi ya mapato, kwa sababu faida inawarudia wanachama. Vitanda na makoti kwa familia yoyote yenye uhitaji ni hisani, na hicho ndicho cha kusajili. Andikeni vigezo vya uhitaji (kipato, idadi ya watoto, muda tangu kufika) na mvifuate hata anapoomba ndugu wa mwenyekiti.

Baada ya hapo, hati ya kuanzisha shirika inapelekwa kwa Katibu wa Jimbo la Iowa kwa ada ya dola 20. Msiishie kwenye mistari michache inayodaiwa na jimbo. Ongezeni kifungu kinachosema shirika ni la hisani tu, na kingine kinachosema likivunjwa mali yake itakwenda kwa shirika jingine la hisani. Vifungu hivyo visipokuwemo, IRS haiwapi hadhi. Sheria ya Iowa inaruhusu bodi ya mtu mmoja, lakini wekeni watatu au zaidi, wasiwe mume, mke na shemeji.

Kisha ombeni namba ya EIN, yaani namba ya utambulisho wa shirika kwa kodi, kwenye tovuti ya IRS yenyewe. Ni bure, tovuti zinazodai malipo ni za madalali. Iombeni baada ya hati ya jimbo kutoka, si kabla, la sivyo mtalazimika kuomba nyingine. Kwa EIN, hati na kumbukumbu za kikao mtafungua akaunti ya benki.

Mwisho ni Fomu 1023-EZ, ombi fupi la hadhi hiyo kwa IRS, dola 275, kwa anayetarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka katika miaka mitatu na mali isiyozidi dola 250,000. Ukivuka hapo ni Fomu 1023 kamili, dola 600. Ombeni ndani ya miezi 27 tangu kuanzishwa ili hadhi ihesabiwe kuanzia siku ya kwanza.

Mlezi_wa_Miradi
Hayo ni sahihi, ila kujaza fomu ni kazi ya siku chache na kulilea shirika ni kazi ya kila mwaka. Fomu 990-N, taarifa fupi ya kila mwaka kwa IRS, hujazwa mtandaoni, bure, kufikia tarehe 15 Mei kama mwaka wenu wa hesabu ni Januari hadi Desemba. Mkisahau miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe na mnalipa ada upya. Iowa nayo inataka taarifa kila mwaka wa namba witiri, kati ya Januari 1 na Aprili 1. Tena jueni kwamba hadhi ya 501(c)(3) haiwaondolei kodi ya mauzo mnaponunua vitu Iowa. Wengi wanafika dukani na barua ya IRS wakidhani watasamehewa.

Kama hamna mtu wa kubeba hayo, tafuteni shirika mlezi. Linapokea michango kwa niaba ya mradi wenu na kukata kiasi, mara nyingi asilimia 5 hadi 10. Mkataba uandikwe, useme nani anaidhinisha matumizi, pesa zinatoka baada ya siku ngapi, na salio linakwenda wapi mkiachana. Kwa mwaka wa kwanza mimi ningechagua njia hii.

Chakula msikianzishie stoo mpya. CommUnity wana benki ya chakula, na Table to Table wanakusanya chakula kinachobaki madukani tangu 1996. Wanachokosa mara nyingi ni mtu wa kufasiri Kiswahili na Kilingala. Jitoleeni hapo.

Fundi_Samani
Kwa samani, kalenda ya mji huu inaongozwa na chuo. Mikataba mingi ya nyumba inaisha mwishoni mwa Julai na mipya inaanza Agosti, kwa hiyo wiki hiyo moja meza na viti vizuri vinawekwa kando ya barabara. Kodini lori mapema, kwa sababu wiki hiyo kila mtu analitaka. Tafuteni stoo kavu kabla ya lori.

Kunguni ndio hatari kubwa. Magodoro na makochi ya barabarani msiyaguse. Mbao na chuma chukueni, mkiangalia kwa tochi kwenye maungio na matundu ya skrubu. Nguo na mapazia yapite kwenye mashine ya kukaushia, moto wa juu, nusu saa. Vitanda vya watoto wachanga vyenye ubavu wa kushuka vimepigwa marufuku kuuzwa tangu Juni 2011, msiwape watu. Kiti cha mtoto cha gari kina tarehe ya mwisho chini yake, na kama hamjui kimewahi kupata ajali, kiacheni.

Wanafunzi wa kujitolea wanaondoka katikati ya Mei. Funguo za stoo na orodha ya vitu zikae kwa mkazi wa kudumu.

Mama_Bukavu
Asanteni sana. Na Zelle tuifanyeje wakati tunasubiri?

Karani_Cedar
Mfuko wa msiba ubaki ulipo, na daftari lake peke yake. Pesa za hisani msipokee mpaka akaunti ya shirika ifunguliwe, yenye waidhinishaji wawili wasioishi nyumba moja. Na hadhi isipokuwa imetoka, msimwandikie mtu risiti inayosema mchango wake unapunguza kodi.